Mkono Juu ya Maji

Kwetu Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto alifundishwa kuogelea kwa dumu tupu la mafuta ya kula, na alifundishwa na yeyote aliyekuwa karibu. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye tulihamia kwake tulipotoka Ujiji. Unalikumbatia dumu kifuani, unapiga miguu, unazoea, halafu siku moja mtu mzima analinyakua bila kukuambia. Ukilia unakunywa maji. Ukinyamaza unaelea. Kichwa kinabaki nje kama cha bata, macho yanatazama mbele, na mikono inafanya kazi chini ya maji. Haitoki.

Hilo la mikono kutotoka ndilo nililofokewa kuliko mengine yote. Nikicheza, nikimrushia mwenzangu maji, mkono ukapaa juu ya kichwa, mjomba alinipigia kelele kutoka mwaloni, ufukweni mitumbwi inakotua, akiwa na wavu mapajani: "Shusha mkono! Unamwita nani?" Kwa sababu mkono ukitoka majini ulikuwa na maana moja tu, kwamba mtu anakufa, njooni. Mvuvi aliyeuona aliacha wavu, aliacha chakula, aliacha hata ugomvi, akapiga kasia. Hakuulizwa mtu ni nani wala wa dini gani. Nimesikia mwenye mtumbwi na mwizi wake wa nyavu walivyookoana kwa mkono huo, wakaendelea kuchukiana nchi kavu kama kawaida.

Sijui nani aliianzisha sheria hiyo. Bibi alisema aliikuta. Mtu mmoja wa Ilagala aliwahi kuniambia kwamba kwao hawana hiyo, wao hupunga nguo. Huenda basi ilikuwa ya kwetu tu, ya mialo michache upande huu. Mimi niliishia darasa la saba na sijasoma mambo ya ziwa popote. Naandika niliyoyaona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, na wengine walishuka kutoka Burundi kwa kufuata ufukwe. Tuliamka asubuhi tukakuta watu wamekaa mchangani na magodoro yaliyolowa, wanangoja magari ya kuwapeleka kambini. Mama alikuwa akianika dagaa, akalazimika kuanika pembeni yao. Wengine mwaloni waliwaletea uji. Wengine waliwalalamikia kwamba wamemaliza kuni. Nikumbuke kwa haki: mara nyingine walikuwa watu walewale, uji asubuhi na malalamiko jioni.

Na ziwa likawa na mambo yake. Wavuvi wakirudi alfajiri hawakusimulia kama zamani. Wakiwa na kitu wamekifunika kwa turubai ndani ya mtumbwi, watoto walifukuzwa. Mama akaanza kuyachemsha maji ya kunywa, yeye ambaye siku zote alisema maji ya Tanganyika ni safi kuliko ya bomba.

Katika miaka hiyohiyo akaja Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Tanga, aliyehamishiwa Kigoma mjini, na kwao aliwahi kuogelea mashindano. Alikuwa na miwani, kaptula nyeupe, na filimbi shingoni. Alikuja Bangwe Jumamosi moja akatutazama tunavyooga, akacheka kwa furaha kabisa, bila dharau.

"Mna mapafu nyie," alisema. "Mitindo ndiyo hamna. Mnaogelea kama mbwa waliotupwa majini."

"Mbona mbwa hazami?" akauliza msichana mmoja mwenzangu, mwenye mdomo.

"Hazami, lakini umeona mbwa gani ameshinda medali?"

Alitaka kuunda timu ya mji, wavulana na wasichana, iende Mwanza kushindana. Kwanza tujifunze mitindo. Mtindo huru, chali, chura. Kipepeo alisema tukiache, tutavunjika mabega. Baada ya hapo angetufanyia jaribio, na atakayemaliza jaribio ndiye wa kupanda treni.

Niseme wazi nilichokitaka. Nilitaka kupanda ile treni kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Mbali kuliko kote nilikokuwa nimefika ni Kalinzi, kumsaidia mama mkubwa kuchuma kahawa. Mwalimu alisema labda huko Mwanza shule fulani ingemwona mtu ikampa nafasi. Alisema labda. Nakumbuka vizuri kwamba alisema labda, wala hakutudanganya. Mimi ndiye niliyekwenda nalo nyumbani bila labda yake.

Siku ya kwanza ya mtindo huru tulilala kifudifudi mchangani, safu nzima, tukipiga hewa kwa mikono, na kina mama waliokuwa wakianika dagaa wakatucheka mpaka wakakaa chini. Mkono unatoka nyuma, kiwiko juu, unapita sikioni, unazama mbele. Halafu tukaingia majini. Nilijiona mzito. Kila nilipotoa mkono nilisikia sauti ya mjomba kichwani, shusha, nikaushusha nusu njia. Mwalimu akapiga filimbi. "Toa mkono! Unauonea aibu?" Nikautoa.

Hatukuwa tumefika hata usawa wa jiwe kubwa linalochomoza majini tulipoona mitumbwi mitatu inakuja, makasia yanachimba maji, na mjomba wangu amepiga magoti mbele ya wa kwanza, amevua shati, tayari kuruka.

"Nani anakufa?" alipiga kelele. "Yuko wapi?"

"Hakuna anayekufa, mzee, shikamoo," alijibu Mwalimu, maji yakimfika kifuani. "Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mjomba hakucheka. Alivaa shati lake polepole, ananitazama mimi tu.

Mara ya pili ilikuja mitumbwi miwili. Mara iliyofuata ulikuja mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa ndani yake alitutukana kwa Kiha kuanzia mbali mpaka alipogeuza. Baadaye hakuja mtu. Walikuwa wakipita na nyavu zao, wakiona mikono yetu inapaa na kushuka, wanatupungia, wengine wanatutania: "Kufeni salama!" Mwalimu alifurahi kwamba tumezoeleka. Jioni ile mjomba aliniambia, akiwa anasafisha taa yake ya karabai, bila kuniinulia uso:

"Leo umeona mtumbwi uliokuja?"

"Haukuja, mjomba."

"Basi ndicho ninachokiogopa."

Alikwenda kumwona Mwalimu. Nilikuwapo, maana nilitumwa kubeba samaki wa kumpelekea, mtu haendi kwa mgeni mikono mitupu. Mjomba alieleza yote: kwamba mkono ni wa kuitia, kwamba sasa macho ya wavuvi yanachoka. Alisema macho ni kama pua, harufu ukikaa nayo huisikii tena.

Mwalimu alimsikiliza, sitaki kumsingizia. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akakubali kwamba jambo ni kubwa. Alisema: "Mzee, anayezama apige kelele basi."

"Mtu akinywa maji, sauti anaitoa wapi?"

 Mwalimu akatoa wazo ambalo hata leo nikilifikiria silioni ubaya wake. Tukiwa mazoezini, asimike mti mwaloni wenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikiwa juu, mikono ni ya wanafunzi. Kitambaa kikishuka, kila mkono ni wa kweli. Mjomba alisema ni jambo la akili. Akalipeleka kwa wavuvi wenzake, nao wakakubali, na mama akatoa shuka yake kuukuu.

Watu wazima wote wale, wenye akili zao, walilikubali, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kuna watu ziwani ambao hawakuwa kwenye makubaliano. Nami sikuwaza. Walikuwa wanatua mbele ya macho yetu kila wiki.

Nikaendelea kujifunza. Sehemu ngumu kwangu ilikuwa uso. Sisi uso tulikuwa hatuuzamishi, tunaogelea tukitazama. Mwalimu alitufundisha kwa beseni kwanza, unazamisha uso na kupuliza mapovu, unageuza shavu, unavuta hewa pembeni mwa mdomo. Kwenye beseni niliweza. Ziwani nilifumba macho. Akaniambia nifumbue, vinginevyo nitakwenda upande kama kaa.

Nilipoyafumbua nikaona chini. Maji ya Bangwe yanaonyesha sana, mawe yako wazi na samaki wadogo wenye mistari wanazunguka. Katikati ya mawe kulikuwa na sufuria yenye mfuniko wake. Hatua chache mbele, kandambili ndogo. Halafu kitu cha bluu kilichokuwa kinapepea polepole, nikajiambia ni nguo, na ilikuwa nguo, nilirudi kesho yake kuhakikisha, ilikuwa gauni tu lililonasa kwenye jiwe, halina mtu. Sikumwambia mama. Nilijifunza kugeuza shavu kushoto pale palipo na gauni, na kulia palipo na kandambili, na Mwalimu akanisifu kwamba ninavuta pumzi pande zote mbili, jambo ambalo wengi hawaliwezi.

Chali nilipenda zaidi. Unalala, masikio majini, unasikia kelele za ndani ya kichwa chako tu, mikono inakwenda moja baada ya nyingine, unaona mbingu. Kwa chali huoni chini, na huko unakokwenda hukuoni pia. Unaona ulikotoka.

Siku ya jaribio Mwalimu aliichagua mchana, katika siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa na mitumbwi inapumzika, ili watu wa mwaloni watazame. Wakaja wengi. Waliopika maandazi wakauza. Kitambaa cheupe kilisimamishwa mapema, kikapigwa na upepo. Mwalimu alimwomba mjomba akae na mtumbwi wake mdogo mbali kidogo, ametia nanga, awe alama yetu ya kugeuzia na mlinzi wetu pia. Mjomba alikubali. Nadhani alikubali kwa ajili yangu.

Jaribio lilikuwa hivi: unatoka mwaloni kwa mtindo huru, unazunguka mtumbwi bila kuushika, unarudi kwa chali. Ukisimama, umetoka. Ukishika mtumbwi, umetoka. Tulikwenda mmoja mmoja. Wavulana walikwenda kwanza, wakapita wawili na mmoja akanywa maji. Yule msichana mwenye mdomo alipita. Mimi nilikuwa wa mwisho, na wenzangu wote walikuwa wameshatoka, wamejifunga kanga, wanakula maandazi. Nalitaja hilo kwa sababu lilikuja kuwa na maana.

Nilikwenda vizuri. Nilijua ninakwenda vizuri, maji yalikuwa yanaachia. Niliuzunguka mtumbwi, nikasikia mjomba akisema "Haya, mama, rudi," nikalala chali nikaanza kurudi. Yeye alikuwa amekaa ananitazama mimi, uso kwangu, mgongo kwenye ziwa. Nilimwona akipungua. Nyuma yake ziwa lilikuwa wazi mpaka ng'ambo, lina ukungu ule wa joto.

Nyuma yake, mbali, pale rasi inapoishia, niliona mikono.

Kwanza nilisema ni ndege. Kisha nikasema ni wenzangu. Mwili wangu uliendelea kupiga chali huku nikisema hivyo, mkono, mkono, na labda nilipiga mara tatu, labda kumi, sijui, nimejaribu kukumbuka na kila nikikumbuka nakuta idadi nyingine. Halafu nikakumbuka wenzangu wanakula maandazi.

Nikauinua mkono wangu kumwonyesha mjomba. Niliuinua wote, nikaelekeza kidole nyuma yake. Akanipungia. Mwaloni watu wakapiga makofi.

Nikapiga kelele, lakini upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na maji yakaniingia mdomoni. Niliinua mikono yote miwili. Makofi yakazidi, na filimbi ya Mwalimu ikalia mara mbili, ile ya kunihimiza. Nilikuwa nimesimama sasa, nakanyaga maji. Ndiyo kusema nilikuwa nimeshatoka kwenye jaribio. Sitadai kwamba niliamua kuacha treni kwa ajili ya watu. Sikuamua kitu. Niligeuka nikarudi kwa mjomba, na nilivyorudi niliogelea kwa namna ya dumu, kichwa nje, mikono chini. Ndivyo mwili ulivyochagua.

Na hicho ndicho mjomba alichokiona. Aliniambia baadaye kwamba mikono yangu ilipopotea ndipo moyo ulipomshtuka.

"Umechoka? Mguu umekaza?"

Niliushika mtumbwi. "Nyuma yako, mjomba."

Akageuka. 

"Si ndio wenzako?"

"Wenzangu wote wako nchi kavu."

Akautazama mwaloni, akawatafuta wenzangu kwa macho, mmoja mmoja, akawakamilisha. Kisha akasimama ndani ya mtumbwi, yeye mwenye sheria yake, akainua mikono miwili juu ya kichwa na kuita watu. Nilimtazama toka chini, maji yakinifika shingoni. Mwaloni wakamshangilia. Nilisikia kicheko cha yule mzee wa matusi, kinavuka maji chenyewe. Waliona mjomba naye ameingia mazoezini.

Alishusha mikono. Sura ile sijui niielezeje na sitajaribu.

"Ogelea," aliniambia. "Kakishushe kile kitambaa. Usiseme na mtu, kishushe tu."

Akakata kamba ya nanga kwa kisu, hakuivuta, akapiga kasia peke yake kuelekea kwenye mikono. Mtumbwi ule ulikuwa wa watu watatu ukiwabana.

Mimi nikazamisha uso nikaogelea mtindo huru. Hapa nataka niwe wa haki kwa Mwalimu kuliko mahali pengine popote. Kwa kichwa cha bata ningechelewa. Kila alichonifundisha kilifanya kazi siku ile, kiwiko, shavu, pumzi pande zote mbili. Sikuwahi kwenda kwa kasi ile kabla wala baadaye. Niliipita sufuria, nikaipita kandambili, nikaliona gauni la bluu na sikugeuza shavu. Na muda wote huo, kila nilipotoa mkono, watu walikuwa wanapiga makofi na kuimba, maana ilionekana mtoto wa kwao ameghairi kukata tamaa.

Nilitoka majini nikamsikia Mwalimu akisema, "Binti, umeushika mtumbwi, lakini hata hivyo—" Nilimpita. Niliukumbatia mti ule nikauvuta, ulikuwa umechimbiwa vizuri, nikautikisa mpaka ukalala na kitambaa kikaanguka mchangani.

Makofi na nyimbo vikakatika. Nilisikia mafuta ya maandazi yakichemka. Kila mtu akageuza kichwa ziwani, na nafikiri ndipo walipoona kwa mara ya kwanza kitu ambacho kilikuwa mbele yao muda wote. Yule mzee wa matusi alikuwa wa kwanza kusukuma mtumbwi. Hakuwa na kasia, alichukua ubao wa kuanikia dagaa. Mwalimu aliruka kwenye mtumbwi wa pili na miwani yake.

Ilikuwa boti kutoka ng'ambo iliyojaza watu, injini ikafa, ikayumba mpaka ikapinduka karibu na rasi. Waliwaleta. Wengine walikuwa wazima, wengine walikuwa hoi wakapona, na wengine mama alinifunika uso kwa kanga yake nisiwaone, ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Idadi yao watu waliitaja kila mmoja kivyake. Siiandiki.

Mjomba alikuja na mtumbwi wa mwisho, na haukuwa wake. Wake ulizamishwa na mikono ya watu waliong'ang'ania ukingo. Walimkuta ndani ya maji, amemshikilia mtoto mmoja mgongoni, amekaa kimya. Nilimuuliza siku nyingine kwa nini hakuinua mkono walipokuwa wanamtafuta. Alisema, "Ningemwinulia nani?"

Mchangani kulikuwa na mama mmoja wa ng'ambo, amefunikwa blanketi la mtu, anasema bila kumtazama yeyote. Alisema kwa Kiswahili cha kwao, polepole, kama anayesomesha.

"Tuliinua mikono. Tuliinua mpaka ikachoka. Mutumbwi ulikuwa pale, sisi tuliuona. Muzee alikuwa mule. Alitupa mugongo."

Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anakamua shati. Alisikia, na wote tulisikia. Mwalimu alifungua mdomo, nafikiri alitaka kueleza habari za kitambaa, kisha akaufunga. Mjomba alimsogelea yule mama akachuchumaa mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Ni kweli. Niliwapa mgongo."

 Yule mama akamuuliza kama ana maji ya kunywa, na mjomba akaenda kumchotea.

Nimeigeuza siku hiyo kila upande. Mjomba aliwapa mgongo kwa sababu alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ananitazama kwa sababu Mwalimu alimwomba atulinde, na kuomba hivyo ilikuwa busara. Kitambaa kilikuwa busara. Boti kujaza watu nayo ilikuwa ni watu wanakimbia risasi, nani awalaumu? Na huenda hata bila kitambaa, hata bila timu, kwa umbali ule na ule ukungu, asingeonekana mtu. Wavuvi wawili watatu walisema hivyo, nao wanalijua ziwa. Mjomba hakuwahi kusema hivyo. Mimi siku nyingine nawaamini wao, na siku nyingine namwona mjomba amesimama na mikono juu, watu wanamshangilia.

Mwalimu mwenyewe aliubeba ule mti akaenda kuuvunja kuni. Shuka ilirudi kwa mama, hakuitandika tena, ikatumika kumfunikia mmoja wa wale. Mwalimu akasema mazoezi yatafanyika karibu na bandari, mahali palipozibwa. Kuhusu mimi alisema nimefuzu. Nilimwambia niliushika mtumbwi. Akasema, "Najua ulichoshika," na jina langu likaingia. Sina hakika kama ilikuwa haki kwa wale walioachwa kwa kosa dogo kuliko langu, na nilimwambia hivyo pia. Alisema wao walishaulizwa na walikubali. Sikwenda kuwauliza. Niliitaka treni.

Nilitarajia wavuvi wangerudi kuwa kama zamani kwa kuwa kitambaa hakipo. Hawakurudi. Walikuwa wanaona mkono, wanasimama kwanza, wanaulizana. Ni watoto? Ni wa kocha? Wewe waona nini? Kusimama kule kidogo hakukuwapo zamani, na hakukuondoka. Mpaka naandika haya, watoto wa Bangwe wanaogelea mikono nje, wanashindana hadi kwenye jiwe kubwa, na mitumbwi inapita.

Mjomba peke yake alikwenda upande mwingine. Yeye alianza kuufuata kila mkono. Aliazima mtumbwi, baadaye akachonga wake, na kila kilichopaa majini alikifuata, ndege, gogo, watoto wanaorushiana maji. Wenzake walimcheka kwanza, kisha wakaacha kumcheka, kisha wakaacha kumpa nafasi kwenye boti zao za usiku, kwa sababu alikuwa anazima taa na kugeuza katikati ya kazi.

Wiki ya mwisho kabla ya safari niliona aibu kuogelea bandarini kwenye watu wengi, nikashuka mwaloni kwetu alasiri moja kufanya mazoezi peke yangu. Niliingia majini, nikasimama kidogo, maji kiunoni. Nilijua kitakachotokea. Nikazamisha uso nikatoa mkono.

Nilipofika usawa wa jiwe kubwa nilisikia kasia. Nikaacha, nikainua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mtumbwi, shati amelivua, anahema.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mjomba."

"Unaogelea?"

"Naogelea."

"Hufi?"

"Sifi."

Alivuta pumzi akakaa. Hakuvaa shati. Alilaza kasia mapajani, akageuza mtumbwi mpaka mgongo wake ukaelekea kwangu na uso wake ukaelekea ziwani, kule rasi inakoishia.

"Haya," alisema. "Endelea. Mimi naangalia huku."